Nakupa Kashebere

Wewe unayeshika gazeti hili, jibu hiki kwanza, ndipo uendelee. Sikukinunua sokoni, na hakuna mwizi anaweza kuniibia. Nikikimbia vita ninakiacha nyuma, na bado ninatembea nacho kinywani. Kila kizuizi ninachofika, askari ananiuliza hicho. Kama nimekula ama bado, hilo haniulizi. Ni kitu gani?

Umeshindwa? Basi nipe kijiji.

Kwetu Masisi hiyo njo sheria. Ukishindwa kitendawili unatoa kijiji, na mwenye kutega anakipokea, anakikalia kidogo kama mwami, mutawala wa kijiji, ndipo anakuambia jibu. Wajukuu wangu walinipa vijiji vingi sana katika maisha yangu. Siku hizi mutoto akinipa kijiji, ninamuuliza kwanza: hicho bado kiko na watu?

Jibu utalipata. Acha kwanza niketi, magoti hayanipendi leo.

Kwa wale wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni mama muzee wa Kingi, mulimaji wa maharagwe. Wajukuu wananiita Koko. Vita vilitutoa Kingi, vikatutupa Mweso, na sasa tunakaa chini ya shitingi, turubai ya musaada, nyuma ya kanisa. Siku tulipofika hatukujua kulia wala kushoto. Jirani mmoja, Mama Nyiramana, alitoka akiwa bado na unga mikononi, akatuonyesha: kilima hiki kinaitwa hivi, maji yako pale, hospitali iko kule. Hatukumuuliza. Kwetu mugeni haulizi, mwenyeji njo anamutajia fasi, mahali alipofika.

Niliyebaki naye ni mujukuu wangu mumoja, Gentille. Tangu akiwa mutoto tunaitana mukewenza, kama koko na mujukuu wake wa kike wanavyotaniana kwetu. Marehemu mume wangu Sebarenzi alikuwa anasema wake zake wawili wanamumaliza, mumoja hana meno ya mbele na mwengine bado hajaota.

Wiki iliyopita niliwaacha pale Gentille aliponiambia anaenda Liban, kufanya kazi ya nyumba. Nilimuuliza: "Unaenda fasi gani kabisa?"

Alichukua ndoo akaenda kuchota maji. Alirudi na maji. Jibu hakurudi nalo.

Asubuhi iliyofuata, telefone yake ikaanza kusema Kiarabu.

Mutu wa agence moja ya Goma ya kupeleka wasichana kazini inje, aitwaye Papa Floribert, alikuwa anamutumia audio. Sauti ya mwanamuke inasema kitu, inanyamaza kidogo ili ujibu, halafu inasema tena. Floribert mwenyewe alieleza mu audio ya kwanza:

"Dada Gentille, hiyi haiko Kiarabu ya Korani. Ile ya vitabu watakucheka. Hiyi njo ya jikoni, ya Liban kwenyewe. Madame, mwenye nyumba, atakupigia kwa video. Akiona unasikia, anakuchukua. Akiona husikii, anachukua mwengine. Jifunze."

Mimi nilikuwa nachagua maharagwe. Nikauliza, "Hiyo Liban, njo ile Lebanoni ya mierezi?"

"Njo hiyo, Koko."

"Sulemani alitoa kule mbao ya hekalu."

"Mimi siendi kutoa mbao. Naenda kuosha vyombo."

"Na kule pia wanapigana. Nilisikia ku radio."

"Koko, taja fasi moja hawapigani, niende kule."

Nilirudi ku maharagwe yangu. Nilitupa yale mazuri pamoja na mabovu, macho yangu hayakuona tena.

Gentille akaja kupiga magoti mbele yangu. Ni mutoto mukubwa, ana mikono ya kulima, lakini akitaka kitu anapiga magoti kama wa shule ya musingi.

"Mukewenza, nisaidie. Wewe fanya Madame, mimi nifanye mutumishi."

"Nimechoka."

"Na Madame pia amechoka, njo maana anatafuta mutumishi."

Sasa ningefanya nini? Nikawa Madame. Mimi ambaye sijawahi kumutuma mutu, isipokuwa watoto niliowazaa.

Telefone ilisema, nami nikarudilia. "Tai la hon!" Maana yake, njoo hapa.

"Karame!" Gentille akajibu.

"Wapi! Siyo karame. Sema hader, madam."

"Eh, Koko, imetoka yenyewe."

Nisimulaumu. Mimi njo nilimufundisha. Mukubwa akikuita unajibu karame, unamutakia siku nyingi. Na unajibu macho yakiwa chini, kwa sababu mukubwa haukaziwi macho. Mutoto wangu nilimulea hivyo mpaka ikaingia mu mifupa.

"Jibi mai!" Leta maji.

"Hader, madam." Ndiyo, niko tayari.

"Nadifi!" Safisha.

"Hader, madam."

"Sakri l-bab!" Funga mulango.

Hapo sisi wawili tukatazamana. Hatuna mulango. Gentille akashusha kipande cha shitingi kilichofunika pa kuingilia, akaweka na jiwe. "Hader, madam."

Mama Nyiramana akachungulia chini ya shitingi, kichwa tu. "We Koko, tangu lini umekuwa muzungu?"

"Siyo muzungu, Muarabu. Na wewe, jibi chumvi! Yala, haraka!"

"Chumvi yako iko wapi?"

"Imeisha, njo maana nakutuma!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu kweli akaenda kuleta chumvi. Nikaona, kumbe hiki Kiarabu kina nguvu.

Tulicheka siku hiyo, na siku iliyofuata. Kisha nikachoka kucheka. Kila asubuhi maneno ya Madame yaliongezeka kichwani mwangu: lete, osha, piga pasi, fungua, usiguse, rudia tena, haraka. Nililala nayo, niliamka nayo. Maneno ya Gentille hayakuongezeka. Alikuwa na lile moja.

"Ukisikia njaa, unasemaje?" nikamuuliza.

"Audio haijafika pale."

"Ukiwa mugonjwa?"

"Koko, nitajifunza kule kule."

"Na siku unataka kurudi?"

Akachukua ndoo. Ndoo ilikuwa bado imejaa.

Nilimufuata mpaka nje. "Mwaga hayo maji, useme na mimi."

"Niseme nini?" Hakunitazama, lakini sauti ilitoka imekauka. "Shamba iko Kingi, na Kingi hatuingii. Hapa tunangojea unga ya musaada kama kuku. Nataka nyumba iko na mulango, Koko. Mulango ya mbao, ukipiga inalia. Nikutie ndani, nifunge, ulale. Njo hiyo tu."

Mutu akikutakia mulango, utamukataza namna gani?

Mu Mweso kuna mutu mumoja aliyerudi kutoka Liban. Anaitwa Céline, muzaliwa wa Kashebere, kule Walikale, ukitoka tu Masisi. Anakaanga mandazi kando ya njia ya hospitali. Watu wote wanajua alienda, watu wote wanajua alirudi. Yaliyo katikati hakuna anayeyajua.

Nilijikokota mpaka kwake.

"Mandazi, mama?"

"Mandazi na Kiarabu kidogo."

Mukono wake ulisimama mu unga. "Kiarabu niliiacha mu airport."

"Mujukuu wangu anaenda. Mufundishe hata ya kuomba chakula."

"Asiende."

"Nimemuambia."

"Mwambie tena."

"Mutoto wako akikuomba mulango, dada, unamwambia nini?"

Aligeuza mandazi, akanipa moja ya moto, akaita mutu mwengine. Nilirudi nyumbani na mandazi.

Kesho yake nikarudi na silaha. Nikatega kile kitendawili nilichowategea ninyi pale juu: sikukinunua, hakiwezi kuibwa, ninakiacha na ninatembea nacho. Céline hakuinua hata macho kutoka ku mafuta.

"Jina ya kwenu," akasema. "Jina ya kijiji chako."

Njo jibu, wasomaji wangu. Wale mulioshindwa, vijiji vyenu nabaki navyo.

Tangu siku ile mimi na Céline tukawa ndani ya vita vyetu. Asubuhi ninatega, yeye anategua. Akishindwa ananipa Kitshanga. Nikishindwa ninamupa Nyabiondo. Alinitega moja ya Wanyanga, watu wa Walikale, ya uyoga, ikanitoa jasho mpaka nikatoa vijiji vitatu kwa mara moja. Wanawake wawili kando ya karai la mafuta, tuligawana Masisi yote na nusu ya Walikale bila risasi hata moja.

Na kidogo kidogo, akiwa anacheka, maneno yakaanza kumutoka.

"Mwambie, nina njaa ni juane."

"Juane."

"Niko mugonjwa, marida. Nataka kuondoka, badi ruh. Hapana, ni la. Hiyo ni fupi, hata asahau zote, hiyo asiisahau."

Nilitembea kurudi nyumbani nikiyarudilia kama rozari, nisidondoshe hata moja njiani. Gentille aliyashika haraka. Mimi nikatulia. Nikasema, sasa mutoto ana meno.

Lakini kitu kimoja kilinikwaruza. Siku ya mwisho ya vitendawili vyetu nikamuuliza Céline:

"Haya yote ulikuwa nayo kule?"

"Nilikuwa nayo."

"Na uliyasema?"

"Niliyasema yote."

"Na hawakukusikia?"

"Walisikia vizuri sana, Koko."

"Basi neno gani lilikukosa?"

Céline alitoa karai kutoka ku moto. Aliweka chini. Alipangusa mikono ku kitenge, kidole kimoja kimoja, kama mutu anayejitayarisha kupokea mutoto muchanga.

"Hiyo nimeshindwa," akasema. "Nakupa Kashebere. Usiniulize tena."

Ninyi wa muji hamuwezi kujua uzito wake. Katika vitendawili mutu anatoa vijiji vya wengine. Anatoa kule alikopita, kule aliko na deni la ugomvi, kule shemeji anakaa. Kwao mwenyewe hatoi. Mujukuu wangu Gentille, tangu aanze kusema, alishanipa dunia yote, alinipa hata Kinshasa na Roma. Kingi hajanipa hata siku moja.

Na Céline alinipa Kashebere, pa kuzaliwa kwake, ili tu anyamaze.

Nilirudi na kijiji cha watu kifuani. Kilikuwa kizito kuliko mufuko wa mihogo.

Sasa ninafika ku jambo ambalo Gentille mwenyewe halijui mpaka asome hapa.

Madame alipiga siku ya soko, saa za mchana. Gentille alikuwa amevaa blouse ya Nyiramana na kujipaka mafuta usoni. Floribert alikuwa ndani ya simu pia, mu kona yake ndogo, ili afasirie. Madame hakuwa mubaya wa sura. Mwanamuke kama wanawake, nywele zimechanwa, macho yamechoka.

"Kifik, Gentille?"

"Mniha, madam," Gentille akajibu. Kwamba yuko muzima. Vizuri kabisa.

Lakini alijibu macho yakiwa chini, na mukono mbele ya kinywa, kama nilivyomulea.

"Shufini," Madame akasema.

Hilo neno audio haikuwa nalo. Gentille akainamisha kichwa zaidi, kwa heshima.

"Shufini! Shufini!"

Floribert akapaza sauti: "Anasema mutazame! Anauliza juu ya nini unaficha macho, umeiba nini?"

Gentille alijaribu. Nilimuona anajaribu. Aliinua kichwa, macho yakafika mu kidevu cha Madame, yakaanguka tena. Jasho likamutoka. Madame akaanza kusema na Floribert, haraka haraka, na mukono wake ukienda kuelekea kifungo cha kukata.

Na hapa ninawaambia ukweli: moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilisema, Bwana asifiwe, mutoto anabaki.

Nikataka kupigilia musumari. Nilikamata ile telefone, nikaweka uso wangu wote ndani, mashavu na pengo, nikamufokea mwenye nyumba maneno yake mwenyewe:

"Tai la hon! Jibi mai! Nadifi! Sakri l-bab! Yala, yala, yala!"

Floribert alishika kichwa. Gentille alifunika uso na kitenge. Mimi nikangoja nitukanwe, simu ikatwe, tupike sombe yetu, majani ya mihogo, tukae.

Madame akaanza kucheka.

Alicheka mpaka machozi. Akaita mutu. Akatokea muzee, mama muzee kama mimi, kitambaa cheupe kichwani, anasukumwa ku kiti cha magurudumu. Madame akamuelekezea telefone. Nikarudi nyuma, lakini muzee alinyosha kidole kwangu, akasema maneno mengi, kinywa chake nacho hakina meno ya mbele. Tukatazamana, mapengo mawili.

"Unaona?" Floribert alikuwa karibu kuimba. "Huyo ni mama yake. Njo huyo Gentille atatunza. Muzee anasema hajacheka tangu bwana yake afe. Anasema musichana aliyelelewa na koko kama huyu hatamuogopa. Amemuchukua! Dada Gentille, Madame amekuchukua!"

Gentille alinirukia shingoni. "Mukewenza, umeniokoa!"

Nililia. Alidhani ni furaha.

Tangu hapo siku zilikimbia, mimi nikibaki nimekaa. Sikuweza kumwambia. Kila nikifungua kinywa, Nyiramana alikuwa pale, anawasimulia watu jinsi Koko alivyomutuma Muarabu maji, na watu wanacheka, na Gentille anacheka kuliko wote. Ni muda murefu sikuwa nimemusikia akicheka hivyo. Kicheko hicho utakikata namna gani?

Nilimuuliza mara moja tena, tukiwa tunamenya mihogo. "Huko unakokwenda ni fasi gani?"

"Koko, si umeona wewe mwenyewe? Watu wazuri."

"Niliona watu. Fasi sikuiona."

Akatafuta ndoo. Niliikalia.

Akacheka, akaniinamia, akanibusu ku kichwa.

Asubuhi ya kuondoka, moto, pikipiki ya kumupeleka Goma, ilifika mapema. Motard, dereva wake, alifunga sac ya nguo za Gentille nyuma kwa mupira. Majirani walisimama. Mimi nilikuwa nimeshika mukono wake, ninamurudilisha maneno yake, kama siku ya komunyo.

"Njaa?"

"Juane."

"Ugonjwa?"

"Marida."

"Kuondoka?"

"Badi ruh. Koko, nayajua."

"Hapana?"

"La."

Motard akawasha mashine. Gentille akaweka muguu mumoja ku pedali.

Hapo nikasikia mutu anaita njiani. Céline. Anakimbia, kitenge kinafunguka, mikono yote miwili imejaa unga mpaka viwiko. Aliacha karai ku moto, mutu wa mandazi, na mafuta ndani! Watoto walikuwa tayari wanamukimbilia nyuma.

Alifika mbele yangu, akashika magoti yake, akapumua.

"Koko. Nirudishie Kashebere yangu."

Watu wakatazamana. Nyiramana akasema, "We Céline, kijiji ukishatoa umetoa. Hairudishwagi."

"Inarudishwa kama niko na jibu."

Motard akapiga honi. Nikamuinulia kidole: ngoja. Nikasema, "Nimekurudishia. Sema."

Hakunitazama mimi, alimutazama Gentille.

"Koko aliniuliza neno gani lilinikosa kule. Nilisema juane, siku moja wananipa mukate, siku ingine hapana. Nilisema badi ruh, wakafunga mulango. Mulango ya mbao, dada. Nzuri sana. Inafungwa kwa inje."

Gentille alitoa muguu ku pedali, akausimamisha chini.

"Siku moja walisahau telefone ku meza. Nilikuwa na namba ya mama mumoja wa Butembo, alikuwaga anasaidia wasichana yetu kule. Nilipiga. Akashika. Akaniambia kwa Kiswahili hii hii yetu: dada, uko wapi? Niko na watu na gari, tunakuja sasa hivi. Uko wapi?"

Céline alifungua mikono yake ya unga, akaifunga.

"Sikujua. Nilikuwa mule ndani tangu zamani, na sikujua. Niliangalia mu dirisha, naona majumba, naona nguo ya watu imeanikwa. Nikamuambia, niko juu, mu étage, ghorofani, kuna muti. Akaniuliza quartier gani, mutaa gani, njia gani. Akaniuliza tena, analia. Koko, unajua nilimujibu nini? Nilimutajia Kashebere. Kichwa yangu ilibaki na jina moja tu, njo nilitoa."

Motard alizima mashine.

"Wakarudi, wakaninyang'anya telefone. Nilikaa tena sana." Alipangusa pua kwa kiwiko, unga ukabaki ku shavu. "Neno njo hii: shu isim hal mahal? Jina ya hii fasi ni nani?"

Shu isim hal mahal. Hata mimi nilisikia neno mahali ndani yake, lile la Biblia.

"Siku ya kwanza, mu gari, ningeuliza, wangenijibu tu," Céline akasema. "Nani anamunyima mugeni jina ya muji? Lakini nilikaa kimya, macho chini, mutoto mwenye adabu. Nilikuwa nangojea mwenyeji anitajie. Si kwetu mugeni haulizi?"

Hayo yote yalikuwa mafundisho yangu. Macho chini. Usiulize. Nilikuwa nimemufungia Gentille sac yake vizuri sana, na ndani niliweka hayo.

Céline akamusogelea. "Sasa wewe. Nyumba ya Madame yako iko wapi?"

"Beyrouth," Gentille akasema.

"Beyrouth ni muji. Goma pia ni muji. Nakuuliza nyumba."

Gentille alitoa telefone. Alimupigia Floribert, akaweka haut-parleur, sote tukasikia inaita.

"Allô, dada! Umefika wapi? Watu hapa Goma wanakungojea."

"Papa Floribert, ile nyumba iko quartier gani?"

"Nyumba gani?"

"Ya Madame."

"Ah, dada, hayo utaonyeshwa ukifika."

"Nataka kujua sasa. Hata jina ya njia."

Floribert akacheka, cheko la mutu mwenye haraka. "Wee Gentille, si ulilelewa vizuri? Mugeni haulizaga. Panda moto."

Akakata.

Motard akatuangalia, mumoja mumoja. "Tunaenda ao hatuendi? Njia ya Kitshanga haingojei."

Sac ilikuwa imefungwa. Mukono wa Gentille ulikuwa ku kiti cha moto, na bado haukutoka pale. Nilitaka kusema. Nilitaka kumuungamia ile simu, kelele yangu, sababu yake.

Akageuka kwangu. Na akainua macho, mutoto wangu ambaye hajawahi kunikazia macho tangu nimuzalishe mama yake. Aliniangalia moja kwa moja, wazi, kama alivyoshindwa kumuangalia Madame.

"Mukewenza," akasema, "uliniuliza ninaenda fasi gani."

"Nilikuuliza."

"Nimeshindwa. Nakupa Kingi."